Njaa Inayokuja na Majani

Mwalimu Nyanjige hakuwa mtu wa kulia ovyo. Kwa miaka kumi na nane alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya nje ya Bariadi, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kama upepo haukupingi, na watoto walikuwa wamemwona kakasirika, kachoka, na siku nyingine kacheka mpaka kashika mbavu. Machozi hawakuwahi kuyaona. Siku alipolia mbele ya darasa alisingizia vumbi la chaki, na chanzo chake kilikuwa sanduku la vitabu.

Sanduku lenyewe lilikuwa na mambo yake. Wakati huo serikali ilikuwa imeshajitoa kwenye biashara ya vitabu, kama ilivyojitoa kwenye pamba, kwenye mahindi, kwenye sabuni na kwenye kila kitu. Soko huria, tukaambiwa, kila mtu na lwake. Haya. Vitabu vya zamani vya kusomea vikachakaa hadi yakabaki majalada, watoto watano wanagombania kurasa nne, na vipya vilikuwa vinauzwa mjini kwa bei ambayo mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa anaiuliza kwa kunong'ona. Ndipo watu wema wa Ulaya wakatuletea vya kwao walivyokwisha kuvichoka. Nguo tulikuwa tunavaa kafa-Ulaya, sasa na hadithi zikawa kafa-Ulaya. Lakini usicheke, maana walau vilikuwa na kurasa zote.

Mwalimu mkuu, Januarius, akalifungua sanduku kwa panga mbele ya walimu wote. Mlikuwa na vitabu kumi na tisa vya Kiingereza, vina picha za kupendeza mpaka unataka kuzilamba. Akamkabidhi Nyanjige, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na Kiingereza cha kueleweka, akamwambia awe anawasomea watoto huku anageuza kwa Kiswahili. Nyanjige akavipeleka nyumbani, akavisoma vyote kwa wiki moja, na alipomaliza alikuwa na jambo linalomkera bila kujua ni lipi hasa.

Katika vile kumi na tisa, kumi na kimoja vilikuwa na theluji. Kimoja kilikuwa cha bibi aliyefungiwa ndani, unga umebaki konzi moja. Kingine cha ndege aliyechelewa kuhama. Kingine cha yatima anayegonga mlango na ndani watu wanaota moto. Visa mbalimbali, lakini maana ilikuwa ile ile moja: wakitaka kumtesa mtu wanaileta baridi, wakitaka kumsamehe wanachipusha jani. Kila penye baridi pana njaa na mauti, na jani la kwanza likitokeza, mtoto anapona, bibi anacheka, mwisho wa hadithi. Hakuna hata kitabu kimoja ambamo mtu alikufa njaa na majani yamekwisha kutoka.

Akawasomea kile cha bibi, asubuhi moja ya Julai. Kulikuwa na baridi yetu ile ya miezi ya kipupwe, upepo wa vumbi unaopenya kwenye masweta, watoto wameficha mikono kwapani. Theluji akaieleza kuwa ni mvua ya mawe, ila laini, haina kelele, na haiondoki kwa miezi mitatu.

"Sasa ng'ombe wanakula nini?" mmoja akauliza.

"Wanalishwa ndani. Nyasi zilikatwa mapema."

"Nani anakata nyasi za ng'ombe wote hao?" Darasa zima likaguna, maana hapo lilikuwa limegusa mambo linayoyafahamu.

Masele, mtoto wa kiongozi wa ngoma, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo bibi kwani hakuvuna?"

"Alivuna kidogo. Sasa baridi imefika."

"Si ndiyo wakati wa kula?"

Wote wakamuunga mkono. Na nani angewalaumu? Kwao baridi ni mahindi yameingia ndani, mtama unapurwa, pamba inauzwa, ng'ombe wa mahari wanatembea, na kila Jumapili kuna mbina, vikundi viwili vinashindana kucheza na watu wanatoka mpaka Mwanhuzi kuja kuangalia. Mtoto wa kwetu hata umtungie nini, huwezi kumlisha huzuni mwezi wa saba. Wakamuuliza huko kwao njaa inaisha lini. Akasema majani yakichipua. Loo, walicheka! Na kutoka nyuma sauti ikasema, "Sisi majani yakitoka ndiyo tunalala na maji," wakazidi kucheka, kwa sababu walikuwa wameshiba. Nyanjige akageukia ubao na hapo ndipo ilipomshika ile chaki ya macho.

Sasa niseme la mwaka ule, miaka mitano kabla ya somo hilo, maana yeye mwenyewe hakulisema kwa mtu.

Zamani mahindi hayakuwa yanatoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Barabarani kulikuwa na mageti, na magari yakipekuliwa mpaka chini ya kiti. Mageti yakaondolewa. Julai ya mwaka ule malori ya wafanyabiashara yakaanza kuingia mpaka uani kwa watu, yamekwisha kuzoa Binza, yamekwisha kuzoa Mwandoya, sasa ni zamu yetu, na mtu kasimama juu ya magunia anatangaza bei.

Na kwetu kihenge ni cha mwanamke. Mume analima, anavuna, anakijaza, lakini kikishafunikwa, ya ndani hayamhusu tena. Akitaka hata debe moja sharti amwombe mkewe, na mke akikataa, bwana anaondoka na aibu yake kimya kimya. Ni sheria nzuri, mimi sijaona nzuri kuliko hiyo. Hata mama mkwe wake Nyanjige, siku alipomkabidhi kihenge, alimwambia, "Mayo, mama yangu, mwanaume ana ng'ombe, wewe una hiki. Usikifungue ukiwa umeshiba."

Mume wake, Mashimba, akaomba. Aliomba kwa heshima zote, asubuhi, jua linaanza kupata joto, wamekula viazi na maziwa. Alitaka mabati. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi na ilikuwa inavuja, na mwenye duka jirani alikuwa kaezeka bati linalong'aa mpaka barabarani. Nyanjige akafikiri, tena kidogo sana. Mshahara upo, akasema moyoni, na mwalimu katika nyumba ya nyasi si aibu? Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Ilikuwa imemlevya haswa. Akakifungua kwa mkono wake, yakatoka magunia tisa, akabakiza ya kufika Krismasi.

Mshahara ukachelewa miezi mitatu. Mvua ikanyesha vizuri, tena vizuri mno. Januari nchi ilikuwa kijani mpaka macho yanauma, ng'ombe wamenona, mahindi yamefika kiunoni, na ndani ya nyumba yenye bati jipya hamna punje. Anayeijua njaa hiyo anaijua. Unaamka unakitazama chakula kinakua, unalala kinakua, na ukilivunja bua halina kitu. Malori yale yale yakarudi, safari hii yanauza, na bei waliyoitaja usiniulize. Wakala michembe ya viazi vikavu na mlenda, baadaye mlenda peke yake. Ndipo surua ikapita kijijini. Surua kwa mtoto aliyeshiba ni homa na vipele wiki mbili. Binti yao wa mwisho, Salu, wa miaka sita, hakuwa ameshiba. Alikufa Februari, mahindi yakitoa ndevu, na wiki tatu baadaye kijiji kizima kilikuwa kinachoma mahindi mabichi.

Watu walipouliza, Nyanjige alijibu, "Surua." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimfaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu kifo kilikuwa kimekwisha kuja na bado anaficha. Mashimba alisema neno moja tu, siku walipoondoa matanga, anakaza kamba ya kitanda bila kuinua uso: "Mimi niliomba tu." Hakulirudia tena maishani. Lakini Nyanjige alilisikia kila siku, akipika, akisahihisha madaftari, akilala.

Basi Jumamosi iliyofuata baada ya lile somo la bibi na theluji, akachukua daftari jipya akaandika hadithi yake. Aliandika kwa penseli, kwa Kiswahili cha darasa la tatu, na hakuinuka mpaka mgongo ukamkataa. Katika hadithi hiyo baridi ilikuwa tamu, na huo utamu ndio ulikuwa mtego wenyewe. Mbina inachezwa, lori linakuja limepambwa, mama anafungua kihenge. Mvua inanyesha, majani yanatoka, nchi inapendeza, na mtoto aitwaye Salu anakufa. Mwishoni mama anasimama mbele ya kijiji anasema, "Si surua. Ni mimi."

Alitaka kitu kimoja. Hadithi ipigwe chapa, isomwe shuleni mwezi wa sita kabla ya malori kuja, na kila mtoto aende akamsomee mama yake. Yale ambayo mdomo wake ulikuwa umeshindwa kuyasema miaka minne, karatasi iyaseme, na mama mwingine asifungue. Hakutaka sifa wala fedha. Alitaka hilo tu, na alilitaka kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mwaka uliofuata ikaja semina ya walimu wanaoandika, Shinyanga mjini, maana siku hizo Bariadi ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Iliandaliwa na kampuni mpya ya vitabu kutoka Dar es Salaam, na nyuma ya kampuni kulikuwa na wafadhili. Mhariri alikuwa mtu mmoja mwembamba, mpole, anaitwa Marcelo. Alilisoma daftari la Nyanjige akiwa amesimama, na alipofika mwisho akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa imechafuka.

"Mwalimu," alimwambia baada ya chakula cha mchana, wamekaa barazani, "wewe unaandika. Wengine hapa wanajaza karatasi. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, mtoto hafi kwenye kitabu cha darasa la tatu."

"Kwetu wanakufa kabla hawajafika darasa la tatu."

"Najua."

"La pili?"

"Njaa yako ina majani mabichi. Mchoraji atachora nini? Mahindi yamestawi, ng'ombe wanono, halafu katikati mtoto kakonda? Mtu wa Dar ataona picha imekosewa. Mfadhili ndiyo kabisa. Mtoto yeyote duniani akiona mti mkavu na upepo wa baridi anajua hapa pana shida. Akiona jani, anajua mambo yamekuwa mazuri. Ndivyo hadithi za watoto zilivyo."

"Za watoto wa nani, ndugu Marcelo?"

Marcelo hakukasirika. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana angekuwa mshenzi Nyanjige angechukua daftari lake akaenda zake. Akasema polepole, "Tugeuze misimu tu. Njaa ije na kipupwe. Mvua inyeshe, majani yatoke, mtoto ainuke ale. Jina libaki lile lile. Salu aishi, mwalimu. Wewe hutaki aishi?"

Hakujua anamwuliza nani. Nyanjige hakuwa amemwambia kwamba alimzaa. Akataka kusema hapana, hapana imefika kwenye ulimi kabisa, lakini mbele ya macho yake yule mtoto alikwisha kujiinua kwenye mkeka, kakaa, anajifuta usingizi, anaomba chakula. Miaka mitano alikuwa hajamwona hivyo, hata ndotoni. Kila akimwota alikuwa amelala.

"Atakula nini?" akauliza.

"Chochote unachotaka."

"Ale mahindi ya kuchoma."

"Vizuri sana. Ale mahindi ya kuchoma."

Akasaini. Mwite mpumbavu ukitaka, mimi nimejaribu nimeshindwa.

Vitabu vikafika Julai ya mwaka wa pili, nakala arobaini, vinanukia wino. Jaladani kulikuwa na mti mkavu, ardhi iliyopasuka, na msichana aliyejifunika shuka katikati ya upepo. Januarius akazunguka navyo shule nzima kama vile yeye ndiye aliyeandika. Nyanjige alianza na ukurasa wa mwisho. Salu alikuwa amesimama kwenye majani yanayofika magotini, ameshika hindi kwa mikono miwili, meno yote nje. Mchoraji hakuwahi kumwona, na alikuwa amemchora vibaya, mashavu si yake na nywele si zake, lakini Nyanjige aliutazama ukurasa huo mpaka kengele ikagongwa. Ni kweli alifurahi. Siwezi kumnyang'anya hilo.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki tatu. Agosti malori yakaja. Mavuno ya mwaka ule hayakuwa ya kujivunia, na kwa hiyo bei ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Nyanjige alipotoka shuleni akakuta lori limesimama kwa Elizabeth, jirani yake, mama wa mtoto mmoja wa darasa lake aitwaye Goodness. Wanawake kama ishirini walikuwa wamesimama na magunia yao, na Elizabeth yuko juu ya ngazi, mkono kwenye kifuniko cha kihenge.

"Mwadila, mayo mwalimu!"

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Karibu, umekuja kuuza?"

"Mama Goodness, shuka kwanza. Usikifungue."

"Kwa nini tena?"

"Mwezi wa kwanza utalia."

Elizabeth akacheka. Alikuwa mwanamke wa masihara, hana nia mbaya. "Wewe mwalimu wewe! Mbona kitabu chako kinasema mengine? Goodness katusomea mara mbili, na baba yake akasikia. Shida yote iko kwenye kipupwe, mvua ikinyesha mtoto anainuka, anakula mahindi. Sasa kipupwe si ndiyo hiki, jamani? Mnaona njaa hapa?" Wanawake wakaangua kicheko, na vijana wa lori nao.

Alikuwa anatania. Alilima tangu akiwa mtoto, na miezi ya njaa aliijua kuliko kitabu chochote. Lakini mtu aliyekwisha kuamua haangalii fimbo ya kujiegemeza imetoka wapi, na hii ilikuwa imetoka kwa mwalimu mwenyewe, imepigwa chapa, ina picha.

"Halafu wewe," Elizabeth akaendelea, bado anacheka, "mabati yako uliyapata wapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Wanawake ishirini, vihenge ishirini, na jibu lenye maneno machache tu ambayo alikwisha kuyaandika kwa penseli. Si surua. Ni mimi. Nyanjige akafungua mdomo. Akaona macho yote yanamtazama, akaona jinsi yatakavyomtazama baada ya hapo, kisimani, kanisani, kwenye misiba, mpaka siku ya kufa kwake.

"Ya mshahara," akasema.

"Basi, mayo. Mwenye mshahara amwache asiye nao atafute mabati yake." Na akainua kifuniko.

Mwaka huo mvua zilikuwa zile kubwa ambazo kila mtu anazikumbuka, za El Nino. Zilianza Novemba hazikutaka kukoma. Madaraja yakaenda, pamba ikaozea shambani, na majani yakaota mpaka kwenye vizingiti vya milango. Nchi ilipendeza kuliko picha yoyote. Kufikia Februari darasa la Nyanjige, alilopanda nalo hadi la nne kwa uhaba wa walimu, lilikuwa limepungua, na waliobaki walikuwa wanasinzia. Kihenge chake mwenyewe hakuwahi kukigusa tena wakati wa shibe, kwa hiyo alikuwa na kitu. Alimpelekea Elizabeth debe moja, Elizabeth akalipokea bila kumwangalia usoni. Lakini madebe hayakuwa na mwisho wa kuhitajika, na watoto aliokuwa nao darasani walikuwa thelathini na wanane. Alijichukia kiasi cha kushindwa kuumeza ule ugali aliokuwa nao.

Ikaja barua ya kampuni. Mwishoni mwa kila kitabu kulikuwa na maswali matano, na wafadhili walitaka kujua kama watoto wanaelewa wanachosoma. Shule zitakazofanya vizuri zitapata sanduku la pili. Majibu sahihi yalikuwa kwenye karatasi ya mwongozo, yamechapwa kwa mashine.

"Mwalimu, hapa usiniangushe," Januarius akamwambia. "Hiki ni kitabu chako mwenyewe. Watoto wako wakifeli kitabu chako, wilayani tutaweka wapi sura zetu?"

Watoto wakaandika zoezi siku ya Alhamisi, mvua inagonga bati la darasa. Nyanjige akasahihisha hapo hapo mezani kwake, kwa kalamu nyekundu, mwongozo pembeni. Swali la nne liliuliza: Njaa iliisha lini? Na mwongozo ukajibu: Njaa iliisha mvua iliponyesha na majani yalipotoka. Watoto wengi walikuwa wamenakili sentensi hiyo kutoka kitabuni neno kwa neno, hata hawakujisumbua. Vema, vema, vema.

Akafika kwenye daftari la Goodness. Mtoto huyo alikuwa haachi kuja shuleni, shingo imekuwa nyembamba kiasi kwamba kola ya shati inamzunguka. Swali la kwanza alipata, la pili, la tatu. La nne alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: "Njaa haikuisha. Ilianza mvua iliponyesha. Mama alifungua kihenge wakati wa baridi."

Nyanjige akaisoma mara tatu. Hadithi yake nzima ilikuwa pale, ile ya penseli, ambayo hakuna aliyeisoma zaidi ya Marcelo. Hakuna aliyemfundisha huyu mtoto. Alikuwa ameangalia nyumbani kwao akaandika. Nyanjige akahisi aibu inampanda kutoka miguuni, akatamani ainuke amkumbatie, alipeleke daftari hilo kijiji kizima, alisome nyumba hadi nyumba. Mlangoni Januarius alikuwa amesimama na bahasha ya kaki, anasubiri.

Akatia kosa.

Madaftari yakarudishwa. Goodness akalitazama lake, akaja mezani akijikokota kati ya madawati. "Mwalimu, la nne nimekosa wapi?"

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema iliisha."

"Basi andika kitabu kinavyosema, nikusahihishie upya."

"Lakini mwalimu, kwetu..."

"Goodness. Andika."

Mtoto hakubisha. Raba hakuwa nayo. Akalowesha kidole kwa mate, akafuta, akafuta tena, mpaka karatasi ikawa nyeusi na ikakaribia kutoboka. Juu ya pale palipochafuka akaandika pole pole: Njaa iliisha mvua iliponyesha na majani yalipotoka. Akalisukuma daftari mbele. Nyanjige akachukua kalamu nyekundu, akampa vema, na chini yake, kama alivyowaandikia wote waliopata tano kwa tano, akaandika: Hongera.